Kuchagua Inteki Manifodi ya V8 ya Zamani: Mfano wa Chevrolet 350

Anayejenga upya injini ya gari la misuli la Marekani, yaani gari la kawaida la miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 ambalo kiwanda kililitia injini kubwa ya V8, hufika mahali ambapo bloku imeshatoka kuchongwa, pistoni zimeshaingia, hedi zimeshakaa, na katikati ya injini limebaki bonde wazi linalosubiri kufunikwa. Kinacholifunika bonde hilo ni inteki manifodi. Ndiyo inayobeba kabureta, ndiyo inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda nane, na katika injini nyingi za aina hii ndiyo pia inayopitisha maji ya kupozea kutoka kwenye hedi. Kwa kuwa ni kitu cha kwanza kuonekana boneti inapofunguliwa, watu huichagua kwa macho kuliko wanavyochagua kipande kingine chochote cha injini, na hapo ndipo gari lililogharimu fedha nyingi huanza kuendeka vibaya.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, sawa na lita 5.7, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1967 ndani ya Camaro. Tuichukulie imefungwa kwenye Chevelle ya mwaka 1970 yenye gia boksi ya otomatiki ya TH350, gari la kuendeshwa barabarani siku za jua na mara mojamoja kupelekwa kwenye uwanja wa mbio fupi za robo maili. Mwenye Pontiac, Ford au Dodge atafuata mtiririko huohuo, ingawa zipo tofauti chache nitakazozitaja mahali pake.

Hatua ya 1: Andika injini itaishi kwenye mizunguko mingapi

Kabla ya kutazama bei yoyote, chukua karatasi ukokotoe mizunguko ya injini katika mwendo wako wa kawaida. Zidisha mwendo wa maili kwa saa kwa uwiano wa difu, zidisha tena kwa 336, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Hesabu hii inafaa kwa gia ya juu isiyo na ovadraivu, kama ilivyo gia ya tatu ya TH350. Kwa tairi la inchi 26 na mwendo wa maili 60, karibu kilomita 97 kwa saa, difu ya 3.08 huizungusha injini kiasi cha mara 2,390 kwa dakika, difu ya 3.31 mara 2,570, difu ya 3.73 mara 2,890, na ile ya 4.10 mara 3,180. Toki konveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, huteleza kidogo, kwa hiyo namba halisi itazidi hapo kwa kiasi fulani.

Sasa ongeza muda unaotumia kwenye taa za barabarani, mtaani na kwenye foleni, ambako injini iko kati ya 700 na 2,500. Ukimaliza utaona jambo ambalo wengi hawapendi kuliona: injini ya barabarani huishi chini ya mizunguko 3,500. Mizunguko 6,000 inaitembelea tu, kwa sekunde chache, pengine mara mbili kwa wiki. Manifodi inanunuliwa kwa ajili ya pale injini inapoishi. Karatasi hiyo itunze, kwa sababu kila hatua inayofuata inarudi kwake.

Hatua ya 2: Amua kati ya ghorofa mbili na chumba kimoja

Zipo aina mbili kubwa za manifodi ya kabureta moja. Ya kwanza, ambayo wauzaji huiita dyuo pleni, nitaiita ya ghorofa mbili. Ya pili, singo pleni, nitaiita ya chumba kimoja. Hapa inafaa kutulia, kwa kuwa uamuzi huu una uzito kuliko chapa, rangi au bei.

Mpangilio wa kuwaka wa Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ukiusoma kwa kuruka namba moja kila mara, unapata makundi mawili: 1, 4, 6, 7 na 8, 3, 5, 2. Katika manifodi ya ghorofa mbili, nusu moja ya kabureta hulisha kundi la kwanza na nusu nyingine kundi la pili, na njia za makundi hayo hupishana, moja juu na moja chini, huku ukuta ukizitenganisha chini ya kabureta. Ukichungulia ndani kwa kurunzi utaona sakafu ya upande mmoja iko karibu na jicho na ya upande wa pili imezama. Matokeo yake ni kwamba kila ghorofa hupokea mvuto mmoja tu kwa kila nusu mzunguko wa kranki, na silinda moja haimnyang'anyi jirani yake hewa. Kabureta haina pampu ya kusukuma petroli kooni wakati wa mwendo wa kawaida. Hutegemea mvuto wa hewa peke yake. Mvuto ukiwa safi na wa zamu, hata kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, petroli hutoka kwa kipimo, gari hujibu mara unapokanyaga mafuta, na nguvu ya kuvuta hupatikana mapema.

Katika manifodi ya chumba kimoja, silinda zote nane hunywa kutoka chumba kimoja kilicho chini ya kabureta, na njia hutawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Njia hizo ni fupi na zimenyooka, na kila silinda inaweza kutumia makoo yote manne ya kabureta, jambo ambalo ni faida kubwa injini inapozunguka kwa kasi sana na kila kona inakuwa kizuizi. Kwenye mizunguko midogo, faida hiyo hugeuka kuwa hasara. Mivuto inakuja kila robo ya mzunguko kutoka pande zote, inaingiliana, na kabureta haipati ishara iliyo wazi. Hewa hutembea polepole, na matone ya petroli huanguka sakafuni badala ya kusafiri nayo. Silinda 5 na 7 ndizo zenye tabu zaidi, kwa sababu ni majirani upande wa kushoto na zinafuatana katika kuwaka, kwa hiyo moja inapoanza kunywa nyingine haijamaliza.

Urefu wa njia nao una kazi yake. Valvu inapofunga ghafla, hewa iliyokuwa mbioni hujigonga na kurudi nyuma kama wimbi, na wimbi hilo likirejea mlangoni wakati valvu inafunguka tena, hujaza silinda zaidi ya uwezo wa mvuto peke yake. Njia ndefu hupatana na mizunguko midogo, njia fupi na mizunguko mikubwa. Chrysler walilitumia jambo hili waziwazi mwaka 1960, walipolipa gari lao la 300F manifodi yenye mikono mirefu iliyovuka injini upande hadi upande, kila njia ikiwa na urefu wa inchi 30 hivi, kwa ajili ya nguvu ya katikati, mahali dereva anapoitumia anapolipita gari lingine.

Kwa namba za kununulia, mfano mzuri ni bidhaa za Edelbrock, kampuni aliyoianzisha Vic Edelbrock California mwaka 1938. Kwa Chevrolet hii wanaitangaza Performer, ambayo ni ya ghorofa mbili na ya chini, kuwa ya kuanzia silensa hadi 5,500. Performer RPM, ghorofa mbili zilizoinuliwa, kuanzia 1,500 hadi 6,500. Na Victor Jr., ya chumba kimoja, kuanzia 3,500 hadi 8,000. Weka namba hizo kando ya karatasi yako ya hatua ya kwanza. Chevelle yenye difu ya 3.31 inayotembea maili 60 kwa saa iko chini ya mahali Victor Jr. inapoanza kazi, na dereva wake anaweza kutoka nyumbani, akazunguka mji na kurudi bila kuigusa kazi hiyo hata mara moja.

Asiyeshawishika aitazame Camaro Z/28. Injini yake ya inchi za ujazo 302, iliyobuniwa ili Chevrolet iruhusiwe kushindana katika mbio za Trans-Am, ilitoka kiwandani ikiwa na manifodi ya aluminiamu ya ghorofa mbili zilizoinuliwa na kabureta ya Holley. LT-1 ya mwaka 1970, ambayo ni 350 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 370 ndani ya Corvette, ilipewa mpangilio wa namna hiyohiyo. Kama wahandisi waliojenga injini zile za mizunguko mikubwa waliona ghorofa mbili zinatosha, mwenye 350 ya kwenda nayo dukani ana sababu chache sana za kuzikimbia.

Manifodi ndefu za wima zinazobeba kabureta mbili juu ya boneti iliyotobolewa zinapendeza kwenye maonyesho, na hapo ndipo nitakapoziacha. Kabureta tatu za makoo mawili, kama zile Pontiac walizozitumia hadi mwaka 1966, ni jambo tofauti: mwenye Pontiac GTO ya asili azitunze kama mboni ya jicho, lakini asiyekuwa nazo asizinunue akitarajia mwendo, kwa maana atanunua kazi ya kuzisawazisha.

Hatua ya 3: Pima manifodi dhidi ya kamshafti na difu

Manifodi, kamshafti (shafti inayofungua valvu), hedi, toki konveta na difu ni watu wa safari moja, na mmoja akiwa na haraka kuliko wenzake wote huchelewa. Soma kwenye karatasi ya kamshafti muda wa valvu kuwa wazi unaopimwa kwenye inchi 0.050 za kunyanyuka, maana ndiyo namba inayolinganishika kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kwa 350 ya barabarani, kadirio langu ni kwamba kamshafti iliyo chini ya digrii 215 inatosheka na manifodi ya chini. Kuanzia hapo hadi 235 hivi, ghorofa mbili zilizoinuliwa ndizo mahali pake. Ikivuka 240, ikiwa na hedi zinazopitisha hewa vizuri, mgandamizo wa kutosha, konveta inayoanza kushika kwenye mizunguko ya juu na difu ya 4.10, ndipo chumba kimoja kinaanza kujadilika.

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Mtu huacha kamshafti ya kiwandani na difu ya 3.08, kisha anafunga manifodi ya mashindano, halafu anashangaa gari linakohoa likitoka kwenye taa. Kinyume chake hakina madhara makubwa hivyo: manifodi ya ghorofa mbili juu ya injini iliyojengwa vizuri itakunyima nguvu kidogo pale juu kabisa na kukurudishia nyingi kila mahali pengine.

Hatua ya 4: Kokotoa kabureta, kisha tazama kitako chake

Zidisha ukubwa wa injini kwa mizunguko ya juu utakayofika, gawanya kwa 3,456, utapata futi za ujazo za hewa kwa dakika ambazo injini ingemeza kama silinda zake zingejaa kikamilifu. Kwa 350 katika mizunguko 5,500 jibu ni 557. Injini ya barabarani haijai kikamilifu. Ukichukua asilimia 85 unabaki na 473 hivi. Kabureta ya 600 inatosha, na ya 650 hadi 750 yenye makoo ya nyuma yanayofunguka kwa vakyumu inavumilika, kwa sababu makoo hayo hayafunguki zaidi ya yanavyoitwa na injini.

Kitako nacho kina aina zake. Holley za kawaida hukaa kwenye kitako cha mraba, makoo manne yakikaribiana kwa ukubwa. Rochester Quadrajet, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya General Motors mwaka 1965, ina makoo madogo mbele, ya inchi 1 na 3/8, na makubwa sana nyuma, ya inchi 2 na 1/4, kwa hiyo inahitaji kitako kilichopanuliwa. Zipo manifodi zinazopokea zote mbili na vipo vibamba vya kubadilisha, lakini kibamba huongeza kimo, na kimo kina hatua yake hapa chini. Quadrajet iliyotengenezwa vizuri ni kabureta nzuri kwa gari la barabarani. Sifa mbaya iliyonayo imetokana zaidi na bisibisi za watu wasioijua.

Hatua ya 5: Hakikisha inalingana na hedi zako

Neno 350 halitoshi dukani. Manifodi ya Chevrolet ndogo, familia ya injini yenye 350 hii, hushikwa na bolti 12, sita kila upande, lakini kuanzia mwaka 1987 hedi za chuma zilibadilishwa pembe ya bolti nne za katikati, kwa hiyo manifodi ya zamani haziingii bila kurekebishwa matundu. Hedi za Vortec za kuanzia mwaka 1996, ambazo wajenzi wengi huzipenda kwa kuwa hupitisha hewa vizuri kwa bei nafuu, zina bolti nane tu zinazosimama wima, na milango yake ya hewa ni mirefu kwenda juu. Kama bloku yako ni 350 ya mwaka 1970 na hedi ni za Vortec kutoka kwenye gari la mizigo, nunua manifodi ya Vortec. Kinachoamua ni hedi, si mwaka wa gari.

Kisha linganisha milango. Weka gasketi juu ya hedi, chora mstari kwa ncha ya msumari, halafu uihamishie kwenye manifodi. Mlango wa manifodi ukiwa mdogo kidogo kuliko wa hedi, hewa hupita na kutanuka bila ugomvi mkubwa. Ukiwa mkubwa kuliko wa hedi, hewa hugonga ukingo wa chuma, na ukingo huo ni ukuta. Afadhali kosa la kwanza kuliko la pili, na yote mawili yanaweza kupunguzwa kwa mashine ndogo ya kusagia na subira.

Injini nyingine zina mambo yake. Chevrolet kubwa za 396 na 454 zina hedi za milango ya yai na hedi za milango ya mstatili, na bloku za malori zilizo ndefu zaidi zinataka manifodi pana zaidi. Ford 351 Windsor ni ndefu kuliko 302, kwa hiyo manifodi zao hazibadilishani ingawa zinafanana kwa macho. Ford ya familia ya FE ni kiumbe cha peke yake: manifodi yake inaingia hadi chini ya tapeti kava, pushirodi zinapita ndani yake, na ile ya chuma ina uzito unaokaribia paundi 80, kwa hiyo kubadilisha kwenda aluminiamu kunapunguza mzigo kuliko katika injini yoyote niliyoitaja. Dodge na Plymouth zenye injini kubwa hufunika bonde kwa bati la pekee, na manifodi inakaa juu bila kugusa maji wala oili.

Hatua ya 6: Pima boneti kwa udongo wa kufinyangia

Manifodi iliyoinuliwa huinua kabureta, na kabureta huinua ea klina. Watengenezaji hutoa vimo viwili, cha mbele na cha nyuma ya kitako, kwa sababu injini kwenye gari imelala kidogo kuelekea nyuma na kitako huchongwa kwa mteremko ili kabureta ikae sawa. Pima manifodi uliyonayo kwa njia hiyohiyo, toa hesabu ya mpya, ujue umepanda kiasi gani.

Kisha fanya jaribio lisilodanganya. Finyanga madonge matano ya udongo wa kuchezea watoto, uyaweke juu ya ea klina, moja katikati na manne pembeni, tandika karatasi ya plastiki ili yasinate kwenye boneti, shusha boneti taratibu hadi ifunge, ifungue, upime unene uliobaki kwa rula. Donge jembamba kuliko yote ndilo jibu lako. Mimi hupenda kubakiwa na sentimita mbili, kwa sababu injini ya V8 hujipinda kwenye mipira yake unapokanyaga mafuta, na nafasi iliyotosha gari likiwa limesimama huenda isitoshe linapoondoka. Corvette, kwa boneti yake ya chini, huwakatalia wengi kwenye hatua hii.

Hatua ya 7: Joto, choki na vitu vidogo vinavyosahaulika

Manifodi za kiwandani zina njia inayopitisha moshi moto kutoka hedi moja hadi nyingine, chini ya sakafu ya kabureta. Joto hilo huifanya petroli iwe mvuke asubuhi ya baridi, na katika magari mengi huendesha pia chemchemi ya choki iliyokaa kwenye kishimo pembeni. Gari linaloendeshwa Michigan mwezi Novemba linaihitaji njia hiyo. Gari la Arizona linaweza kuizibia kwa gasketi isiyo na tundu. Zipo pia manifodi ambazo njia zake zimeinuliwa zisiguse kifuniko cha bonde, ili oili moto isizipashe. Hewa baridi ni nzito, na nguvu huongezeka kidogo, lakini injini huchelewa kupata moto, na ukinunua ya namna hiyo jiandae kufunga choki ya umeme. Petroli ya leo ya Marekani, ambayo kwa kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, huchemka mapema kuliko ya zamani, kwa hiyo ubaridi wa manifodi una thamani zaidi sasa kuliko mwaka 1970.

Kabla ya kulipa, pitia orodha hii ukiwa umesimama mbele ya injini yako: tundu la vakyumu la haidrovaki ya breki na la gia boksi ya TH350, mahali pa kipimajoto na bomba la hita, mkono wa kushikia kebo ya aksereta na kebo ya kushusha gia, bolti za kushikia oltaneta, nafasi ya distributa, hasa kama umeweka ile kubwa ya kielektroniki, HEI, ya katikati ya miaka ya 1970, na kwa bloku za miaka ya mwanzo, bomba la kujazia oili lililosimama mbele ya manifodi. California huyasamehe ukaguzi wa moshi magari ya mwaka 1975 na ya kabla yake, kwa hiyo mwenye Chevelle ya 1970 hahitaji manifodi yenye valvu ya kurudisha moshi. Mwenye gari la mwaka 1976 aulize kwanza.

Anayenunua iliyotumika, kwenye magulio kama la Carlisle, Pennsylvania, au la Pomona, California, aigeuze manifodi juu chini kabla ya kuuliza bei. Tazama kingo za matundu ya maji, ambako aluminiamu huliwa na kutu nyeupe. Masikio ya bolti za pembeni, ambayo hupasuka mtu anapokaza upande mmoja. Na nyuzi za kushikia kabureta. Laza rula ya chuma kwenye uso wa milango. Ukikuta alama ya kitheluji kwenye manifodi ya aluminiamu ya Chevrolet, hiyo ni alama ya kiwanda cha kusubu cha Winters, na pengine bei itakuwa imeshapanda. Na kama gari lako bado lina manifodi yake ya asili, ivue, uipake oili, uiweke rafuni pamoja na namba zake.

Hatua ya 8: Ijaribu kavu kabla ya kupaka chochote

Hatua hii niliiruka mara moja, na injini ilinifundisha. Hedi zilikuwa zimerudi kutoka kuskimiwa, yaani kuchongwa uso ili unyooke, kwenye karakana moja, hakuna aliyeniambia zimeondolewa kiasi gani, nami sikuuliza. Manifodi ilikaa, bolti zilishika, injini iliwaka. Baada ya wiki mbili plagi za silinda mbili zilikuwa na weusi wa oili na moshi wa bluu ulitoka kila nilipoachia mafuta. Nilipulizia dawa ya kabureta kuzunguka manifodi yote bila injini kubadili sauti, kwa kuwa ufa haukuwa nje. Ulikuwa chini, upande wa bonde, na silinda zilikuwa zinafyonza oili kutoka ndani ya injini yenyewe.

Sababu ni jiometri. Hedi ya Chevrolet hii ikiskimiwa, hushuka na wakati huohuo husogea kuelekea katikati, na manifodi hubanwa ikainuka. Kwa kila kipimo kilichoondolewa kwenye hedi, uso wa manifodi unapaswa kupunguzwa mara 1.23: hedi zikiskimiwa inchi 0.030, manifodi inadai inchi 0.037 kila upande. Gasketi ya hedi nayo ina neno lake, kwa sababu zile nyembamba za bati za kiwandani zina unene wa karibu nusu tu ya zile za kisasa.

Kwa hiyo weka gasketi za milango bila gundi, uache mihuri ya mbele na nyuma, shusha manifodi, usikaze. Chungulia kila tundu la bolti: linapaswa kutazamana na nyuzi katikati. Chukua fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ujaribu kuipenyeza kwenye pembe nne, juu na chini ya uso. Ikiingia chini na kukataa juu, au kinyume chake, pembe hazipatani, na dawa yake ni mashine ya kuchonga, silikoni haitaiziba. Hakikisha pia ipo nafasi kati ya manifodi na kingo za bloku, mbele na nyuma, ili isikae juu ya bloku badala ya kukaa juu ya hedi.

Hatua ya 9: Kufunga

Safisha nyuso zote kwa kitambaa chenye kiyeyushi hadi kitoke cheupe. Paka silikoni kidogo kuzunguka matundu ya maji, na kwenye kingo za mbele na nyuma tupa mihuri ya mpira iliyokuja na gasketi, uweke mshipi wa silikoni wa unene wa kidole kidogo unaopanda kidogo kwenye pembe. Shusha manifodi wima, bila kuiburuta. Mtu wa pili akisimama upande wa pili kazi inakuwa nyepesi. Kaza kwa toki renchi kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, hadi kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa bolti 12 za kawaida ni kama paundi-futi 25 kwa aluminiamu na 30 kwa chuma, lakini kwa hedi za Vortec ni 11 tu.

Washa injini, ipate moto, izime, iache ipoe usiku kucha, kisha pitia bolti tena asubuhi. Zile za katikati karibu kila mara zitakubali kugeuka kidogo. Mwisho, vua valvu ya kupumulia ya kranki, ziba tundu lake la vakyumu, ziba na matundu mengine ya tapeti kava, na wakati injini inanguruma kwenye silensa weka kiganja juu ya tundu la kujazia oili. Ukisikia pumzi inakusukuma, upande wa bonde umeshika. Ukisikia kiganja kinavutwa chini, rudi hatua ya nane.